Akisema Lete, Ni Lake

Nyinyi nyote mwataka kurusha. Nikipita pale uwanjani Frere Town jioni nawaona, mmejipanga foleni, kila mmoja angoja zamu yake aushike ule mpira, arudi nyuma kidogo, aurushe kwa madaha, kisha asimame vile vile mkono juu apigwe picha. Wa kudaka hapatikani. Mwalazimishana. Mwamsukuma mbele yule aliyechelewa kufika, ama yule asiye na viatu. Basi kaeni chini, wanangu, niwaambie kitu, na msinikatize. Mimi nimestaafu kazi, mdomo sijaustaafisha.

Nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari huku huku Kisauni, mpaka umri wa serikali ukanitoa. Netiboli nimefundisha, mpira wa wavu nimefundisha, kuruka, kukimbia, kutupa kisahani. Lakini miaka yangu ya mwisho, ile ambayo watu walitarajia nikae kwenye kiti nisubiri pensheni, nilifundisha futiboli ya Kimarekani. Mimi Zuhura, na buibui langu na raba zangu. Waliocheka walicheka. Shemeji yangu alipita mitaani akisema nimepagawa. Nikamtumia salamu kwamba ni kweli, na pepo wangu ana filimbi, akiipuliza watu hukimbia, na yeye tumbo lile lingemfaa kukimbia kidogo.

Mpira wenyewe uliletwa na mwanafunzi wangu wa zamani aliyekwenda kusoma ng'ambo akarudi. Umechongoka huku na huku kama papai. Siku ya kwanza nikaurusha kwa mtindo wa kisahani, ukaenda ukamgonga mbuzi wa watu, na mwenye mbuzi akaja juu kweli kweli, ikabidi nimwombe radhi yeye na mbuzi wake. Huo ndio mwanzo wangu katika kazi hii. Nani kasema lazima uanze vizuri?

Sisi twacheza ule wa vitambaa. Hakuna kuangushana. Kila mchezaji ana vitambaa vyake vimening'inia kiunoni, na ukimchomoa kimoja aliye na mpira, mchezo umekoma hapo hapo, mwaanza tena. Kwa wazazi wa huku hilo lilikuwa jema, maana binti acheza na hijabu yake na suruali yake ndefu, wala hapana mtu wa kumkumbatia. Mmoja husimama nyuma akarusha. Wenyewe humwita kwotabeki, mimi namwita mrushaji. Wengine hukimbia mbele wakadaka. Huyo wa nyuma ndiye hupigwa picha, ndiye jina lake hutangulia, ndiye hupewa kombe. Na mimi nawaambia, bila kumwogopa mtu, kwamba mrushaji asiye na mdakaji ni mtu aliyesimama na papai mkononi.

Kadzo nilimpata sokoni Kongowea. Ilikuwa Ramadhani yakaribia, nimekwenda kutafuta matikiti. Lori limesimama, vijana wako juu wanarusha, na chini, kwenye kibanda cha mamake, yuko msichana mrefu mwembamba, leso kaifunga kiunoni, anadaka. Hakuna aliyemtazama. Kudaka tikiti pale si ajabu, ndivyo mzigo ushushwavyo kila siku. Mimi ndiye niliyesimama na kapu langu nikasahau kilichonipeleka.

Tikiti kubwa, la kumvunja mtu mbavu, lilimjia, na yeye hakulingoja. Mikono ilitangulia kulipokea, ikarudi nalo polepole mpaka kiunoni, akageuka, akaliweka, akageuka tena yuko tayari. Hapakuwa na kishindo. Lililokuja juu alilifuata juu. Lililokwenda kombo alikuwa kashafika huko kombo. Na wale vijana wa juu, ambao baadhi yao niliona wazi kabisa ni wageni wa kazi, walionekana mafundi. Ungeapa ni watu waliozaliwa juu ya lori.

Kisha nikasikia sauti. Kabla ya kila tikiti yule msichana alisema, "Lete." Hakupiga kelele. Alisema tu, na asiposema, hakuna aliyeachia. Mara moja tikiti likamponyoka kijana, likaenda mbali upande wa mtaro, likapasuka. Kijana akaganda pale juu. Msichana akainua mkono, akasema, "Langu," na hapo hapo tena, "Lete." Kazi ikaendelea.

Nilimwendea mamake, Mama Kadzo, mwanamke wa Mwakirunge asiyepoteza neno. Nikamuuliza kwa nini binti yake ajitwike kosa la mwingine, na sote tumeona kwa macho kwamba ni yule kijana. Akanieleza, huku akinipimia tikiti kwa kulipiga kofi, kwamba pale kwao ndiyo sheria ya kushusha mzigo. Aliye juu ana jua machoni na mgongo wamuuma. Aonaye ni wa chini. Basi hapana kurusha mpaka wa chini aseme lete, na akishasema, tikiti ni lake, lije sawa ama lije upogo. Likipasuka, anayeulizwa ni wa chini. Wa juu haulizwi.

Nikamwambia hiyo si haki. Akaweka tikiti chini.

"Wa juu akiogopa, mkono hukaza," akasema. "Mkono ukikaza, atanivunjia lori zima. Sasa bora nini?"

Nililipa, nikaenda zangu, lakini usingizi wa usiku ule sikuupata vizuri. Mimi nilikuwa na mrushaji ambaye mkono wake ulikaza.

Huyo aliitwa Saumu, binti wa Kiembeni. Nguvu alikuwa nazo, Mungu kamjalia bega. Lakini babake alikuwa akija kutazama mazoezi, na kila mpira ukianguka alisonya, tena msonyo mrefu, wa kusikika mpaka barabarani. Basi mtoto akishika mpira, hauachii. Atafuta mtu aliye wazi kabisa, wazi mpaka na yeye aridhike, na akimwona, kitambaa chake kishachomolewa zamani. Nilimsemesha, nikambembeleza, nikamgombeza. Nilimwambia babake pia maneno ambayo mwalimu hafai kumwambia mzazi. Haikusaidia.

Kadzo alikuwa kamaliza kidato cha nne, yuko tu kibandani na mamake. Timu yetu ilipokea na waliomaliza shule, na mama alikubali kuniachia binti kila jioni, kwa sharti kwamba lori likija, lori kwanza. Nikakubali. Siku ya kwanza Kadzo aliniuliza akimbilie wapi, nikamwonyesha, akakimbia. Mlinzi yu mbele yake bado, hajampita, naye akasema, "Lete." Saumu hakurusha. Angerushaje? Mtu hajawa wazi! Wakarudia, ikawa vile vile. Kadzo akarudi mpaka pale aliposimama Saumu, akamwambia kwa upole, kama amwambiaye mgeni mlango ulipo, "We ukisikia lete, achia. Usinitafute kwa macho. Ukianguka, kosa ni langu."

Saumu akaachia. Mpira ukaenda vibaya, juu mno, na Kadzo akaufuata kule kule juu akauteremsha kwa ncha za vidole. Wa pili ukaja chini, akauchota karibu na nyasi. Wa tatu hakuufikia. Na kabla babake Saumu hajakunja midomo asonye, Kadzo alikuwa kashainua mkono, "Langu!" uwanja mzima ukasikia. Mzee wa watu akabaki na msonyo wake mdomoni, hana wa kumsonya.

Hapo, wanangu, ndipo nilipoanza kuijua kazi ambayo nilidhani naijua. Kudaka si mikono peke yake. Mikono mtajifunza: vidole vitangulie, viwiko vilegee, mpokee na kurudi nao, macho yaufuate mpaka uwe ndani ya viganja, wala usisikilize nyayo za anayekujia. Hayo nitawafundisha kwa wiki chache. Lakini mdakaji wa kweli humwondolea mrushaji woga, na mrushaji aliyeondolewa woga huwa mtu mwingine. Bega la Saumu halikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba alianza kulala usingizi siku ya kuamkia mechi, na mamake ndiye aliyeniambia.

Tukawa watu wa kuogopwa. Timu moja ya Likoni ilisikia habari za lete yetu, wakaja na hila yao. Kila Kadzo akikimbia, walinzi wao wote wapiga kelele, "Lete! Lete! Lete!" Uwanja ukawa kama mnada wa samaki. Saumu alicheka mpaka machozi, kisha akarusha pale pale panapostahili. Nikamuuliza alijuaje. Akasema wale walikuwa wanaomba, Kadzo haombi, Kadzo anaarifu.

Wateuzi wa timu ya taifa wakaja pwani kutazama. Kiongozi wao ni kocha mmoja wa bara, nitamwita Kocha Barasa, mtu mpole, mwenye kofia, aniitaye madam. Walitazama, wakaandika, wakamchukua Saumu. Tukapiga vigelegele. Babake alisimama juu ya gari la watu akacheza. Nikamtafuta Kadzo kwa macho, nikamwona yuko pembeni anafungua vitambaa vyake kiunoni, anavikunja kimoja kimoja. Nikamwambia safari nyingine, inshallah. Akaniambia hana neno, kesho kuna lori.

Saumu alinipigia simu kutoka kambini Nairobi. Nilidhani atanipa habari za baridi. Baridi hakuigusa.

"Mwalimu," akasema, "huku hakuna anayesema lete."

Niliudhika, siwafichi. Nilizima simu nikakaa barazani nimeudhika mpaka chai ikapoa.

Baada ya Saumu nikabaki na Mercy, wa Changamwe. Mercy, Mungu amweke, mtoto mzuri, lakini mkono hakuwa nao. Akirusha, ungedhani awatupia kuku mchele. Walimu wenzangu waliniambia basi, bahati yangu imekwisha na Saumu. Nikawaambia wakanunue viti, wakae, watazame. Kadzo hakumwambia Mercy arushe mbali. Alifupisha njia zake mwenyewe. Alikimbia mbele kwa kasi, mlinzi akaamini anakwenda mpaka baharini, kisha akakata na kurudi kuulaki mpira. Ule mchele wa Mercy ukawa wafika mikononi kila mara. Na kwa sababu ulifika, Mercy akajipa moyo, na alipojipa moyo akaanza kurusha mbali kidogo, na kidogo tena. Mashindano ya pwani yalipokwisha, mrushaji bora ni nani? Mercy. Alipewa kombe kubwa, akalilaza kitandani mwake kama mtoto mchanga.

Wateuzi wakaja tena, wakamchukua Mercy. Kadzo wakamwacha.

Safari hii sikunyamaza. Nilimfuata Kocha Barasa mpaka kwenye gari lake, nikamsimamia mlangoni, nikamuuliza kama ana macho ama ana kofia tu. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma. Akamwita msaidizi wake, kijana mwenye kile kioo chao cha kuandikia na kuchezea video, akaniambia nitazame mwenyewe.

"Madam, mikono anayo," akasema. "Lakini anapoteza mipira mingi, na si sisi tunaosema. Anakiri mwenyewe."

Nikatazama. Mpira wa Mercy umetoka nje kabisa, Kadzo juu mkono, "Langu!" Mpira wa Saumu, wa mwaka ule mwingine, umepiga ardhi kabla ya kumfikia, Kadzo juu mkono, "Langu!" Na kila paliponyanyuliwa mkono, kijana yule alikuwa kamwandikia Kadzo kosa. Hawakuwa na hila wala chuki. Mchezaji kasema ni lake, wameandika ni lake. Wangejuaje? Hawajawahi kushusha tikiti Kongowea.

Nikajaribu kumweleza habari ya lori na sheria ya wa chini. Nilivyokuwa na hasira maneno yalitoka matikiti kwanza na mpira baadaye, na kocha akaangalia saa. Akasema atazingatia. Mtu mwenye kofia akikwambia atazingatia, ujue ndiyo basi. Gari likaondoka.

Jioni ile nilimpeleka Kadzo pembeni, nikamweleza yote, na nikamwamuru aache. Mpira mbaya ukija, anyamaze. Asimseme mtu, asijiseme, anyamaze tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtoto wa adabu. Wakati huo nilikuwa nikimwandaa mrushaji wa kumrithi Mercy, Naima, mwoga kuliko wote waliotangulia, aliyekuwa ndio kwanza aanza kunyoosha mkono.

"Mwalimu, siwezi," Kadzo akasema. "Nikinyamaza leo, Naima atajua makosa ya jana yalikuwa yake."

Nikamwambia atabaki hapa hapa maisha, na hawa aliowabeba wote watampita. Akasema ajua. Nikamwambia mimi ni mwalimu wake na nimemwamuru. Akasema, "Naam, Mwalimu," na kesho yake Naima akarusha ovyo, na Kadzo akainua mkono. Nilitaka kumzaba. Pia nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote, nikapuliza filimbi tukaendelea.

Mwaka uliofuata ndio uliokuwa wa mwisho kwangu kazini. Mama Kadzo naye alikuja mpaka nyumbani kwangu, na yeye si mtu wa kutembelea watu. Magoti yalikuwa yamemchoka, kuinama kwenye kibanda hawezi tena. Akasema amenivumilia kwa muda mrefu na hana ubaya na mimi, lakini safari hii wasipomchukua, binti arudi sokoni moja kwa moja, ashike kibanda. Ningembishia nini? Alikuwa na haki yake. Nikamsindikiza mpaka njiani, na nilipokuwa narudi nikajiambia kwamba mimi Zuhura sitatoka kwenye kazi hii nikiwa nimewapigia vigelegele warushaji watu na kumwacha aliyewafanya. Wallahi sitatoka hivyo.

Wateuzi wakaja. Uwanja umejaa, wazazi, wauza madafu, watoto, shemeji yangu naye kaja kucheka. Naima akaanza vizuri, kisha akamwona Kocha Barasa na kofia yake, mkono ukakaza. Mpira ukatoka nje. "Langu!" Mwingine ukadunda chini. "Langu!" Na kila mara namwona yule kijana kidole chake chashuka kwenye kioo, chaandika. Damu ikanipanda. Nikapuliza filimbi, nikasimamisha mchezo ambao haukuwa wangu kusimamisha, nikaingia katikati ya uwanja.

Kocha akaja akiniuliza kuna nini, madam.

"Umekuja kutafuta mrushaji," nikamwambia. "Nimekuletea."

Nikauchukua mpira kwa Naima, nikamwambia kakae chini mwanangu, unywe maji. Nikakunja mikono ya buibui. Mimi huyo, mjukuu ninaye, bega la kulia liliharibika zamani kwenye netiboli na kikiingia kipupwe hata kapu silinyanyui. Watu walianza kucheka upande wa madafu, kicheko kikazunguka uwanja mzima. Shemeji yangu alikuwa kashika ubavu. Nikawaacha wacheke. Nikawaambia walinzi wasinihurumie, wamlinde Kadzo kama siku zote, na atakayelegeza nitamjua.

Kadzo akanisogelea akaninong'oneza habari ya bega. Nikamwambia bega halimhusu, aende akaseme lete.

Akaenda. Nikasikia sauti, sikumwona, mlinzi yu mbele yake. Nikaachia. Ulikuwa mpira wa kuaibisha, umeyumba hewani hauna mbele wala nyuma. Akaurudia, akaudaka. Watu wakacheka bado, lakini kidogo. Wa pili niliurusha chini mno, akajirusha akauchota, akasimama nao. Upande wa madafu wakanyamaza. Wa tatu ukapita kati ya walinzi wawili ambao mimi hata sikuwaona, nao ukamkuta yuko pale. Sasa watu hawakucheka tena, na wale niliozoea kuwapigia mayowe wakaanza kunipigia makofi mimi. Mimi! Bibi mwenye bega bovu alikuwa anasifiwa mkono.

Wa nne, bega likanikata. Niliusikia mwili wote umeshituka, na mpira ukatoka mkononi ukaenda upande mwingine kabisa, si kwa Kadzo, si kwa mlinzi, ukaenda ukaangukia kwenye beseni la muuza madafu, maji yakaruka. Kadzo alikuwa pembe ya pili ya uwanja. Hata angekuwa na mabawa asingefika.

Akainua mkono juu.

"Langu!"

Uwanja mzima ukacheka, mpaka muuza madafu aliyelowa. Lakini mimi nilikuwa namtazama yule kijana mwenye kioo. Kidole chake kilikuwa juu, kimeshaanza kushuka, kikasimama hapo hapo. Akamtazama Kocha Barasa. Kocha akavua kofia. Akatazama beseni, akamtazama Kadzo kule mbali na mkono wake juu, akanitazama mimi.

"Na kosa lile pia ni lake?" akauliza.

"Muulize. Atakwambia ndiyo," nikamjibu. "Ndivyo anavyokwambia miaka yote hii."

Akaipachika kofia kwapani. Nami sikungoja jibu, maana kilikuwa kimenipata kitu nisichokitarajia. Ule mkono ulipoinuliwa kule, mbele ya watu wote, na sauti ile ikasema ni lake, mimi niliyekuwa nimeona haya mpaka masikio yamewaka, haya ilinitoka. Nilikuwa nimewatazama Saumu na Mercy na Naima wakitendewa hivyo, nikadhani nimeelewa. Kumbe kutazama si kutendewa. Bega lilikuwa lauma vile vile, lakini halikukaza.

Nikauomba mpira kutoka kwenye beseni, nikaufuta kwa buibui. Nikasimama mahali pangu. Nikamsikia.

"Lete."

Nikaachia, wanangu, na sitawadanganya: sijapata kurusha vile kabla ya siku ile wala baada yake. Ulikwenda umenyooka, unazunguka vizuri, na alikuwa pale.

Kocha Barasa alimwambia kijana wake arudishe zile video zote za miaka nyuma, waanze kutazama upya, na safari hii watazame mpira ulipokwenda, wasitazame mkono ulioinuliwa. Walikaa ndani ya gari muda mrefu. Walipotoka walimchukua mtu mmoja tu, na huyo ni Kadzo. Mamake alipopata habari alikaa juu ya gunia akalia kwa sauti, kisha akafuta uso akaniuliza nani sasa atamdakia matikiti. Nikamwambia nitamletea Naima, akajifunze upande wa pili wa kazi. Na kweli alikwenda, na matikiti ya wiki ya kwanza yalipasuka mengi, na sasa hayapasuki.

Kadzo yuko na timu ya taifa mpaka leo. Nanyi mwanionyesha kwenye simu zenu, Mwalimu tazama, mrushaji wa taifa alivyo hatari, tazama mkono ule. Nimeutazama. Ni mkono mzuri. Mwaka juzi ulikuwa mkono wa mtu wa akiba. Siku nyingine mkitazama, ongezeni sauti. Kabla mpira haujaachiwa kuna mtu anasema neno moja, kwa utulivu, kwa Kiswahili, na aliyeshika mpira yule, mzaliwa wa mbali na pwani hii, amelizoea neno lile kuliko jina lake.

Shemeji yangu husema nazeeka vibaya, kila siku hadithi ni hiyo hiyo. Na aseme. Nitaisimulia mpaka foleni ile igeuke.

Haya, inukeni, jua lazama. Mimi bega langu liko tayari, na mpira ninao hapa. Nani wa kusema lete?